Chungu cha Wakwe

Buffalo, tarehe 14 Januari 2024

Mdogo wangu Zéphyrin,

Salamu nyingi kutoka kwa sisi wote wa Black Rock. Tuko wazima, ila theluji imetufungia ndani kama kuku. Shemeji yako Gaudiosi anachimba njia ya gari tangu asubuhi, na kiuno chake unakijua, kesho atakuwa kitandani analia kama mzazi. Gisubizo amefaulu hesabu, lakini Kiswahili kinamtoka. Namsemesha vizuri, ananijibu Kiingereza na kupanda ngazi. Padri anakusalimia. Wamama wa jumuiya wanakuulizia kila Jumapili. Nimewaambia uko Louisville unapakia mizigo uwanja wa ndege, zamu ya usiku, ndiyo maana hupigi simu. Usinikasirikie. Ulitaka niseme nini?

Bon. Neno lenyewe ni hili: Alliance amepata mchumba! Kijana anaitwa Bonheur, mtoto wa Papa Précieux, watu wa Kabare kama sisi, wanakaa Columbus, kule Northland. Nimemwona. Haongei sana, ana kazi, na ananisalimia kwa mikono miwili. Wanataka kuleta mahari mwezi wa sita. Kwa desturi wangetufuata nyumbani kwetu, lakini Alliance mwenyewe yuko Columbus kwa kazi yake ya kutunza wazee, na Columbus iko katikati yako na yangu, basi nimekubali tukutane hukohuko.

Kaka yetu Mushagalusa tulimzika kambini Nyarugusu, na Alliance, mtoto wake, tumemlea mimi na wewe. Baba aliyebaki ni wewe. Wewe ndiye utakayekaa mbele ya chungu cha kasiksi pamoja na Papa Précieux, mrija wako na mrija wake, mnywe pamoja mbele ya watu. Bila pombe yetu ya ndizi hiyo siyo mahari, ni mchezo wa watoto.

Donc niambie, hiyo hospitali watakutoa lini? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Alliance alisema simu wanawanyang'anya. Je, wanakulisha? Wanakufungia mlango? Jibu upesi.

Dada yako,
Nsimire


Louisville, tarehe 11 Februari 2024

Yaya Nsimire,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko salama. Mwambie Gaudiosi asiiname na koleo, apige goti moja, kiuno kitamshukuru. Gisubizo mwache, Kiswahili kitamrudia siku atakapotaka kuoa.

Barua yako nimekaa nayo muda, ikanichekesha na kuniuma. Hapa siyo hospitali, yaya, wala siyo jela. Hospitali nilishatoka. Hii ni nyumba tu, ina baraza mbele na jiko kubwa, tunaishi wanaume wanane ambao tumeacha vitu vyetu: mwingine pombe, mwingine vidonge, mwingine sindano. Mchana kila mtu yuko kazini. Mimi naosha vyombo mgahawani; mizigo ya ndege sijaigusa hata siku moja, sasa ukiulizwa unajua. Jioni tunakaa sebuleni, kila mmoja anaeleza siku yake ilivyokwenda bila kuipamba. Zamu ya jiko ikiwa yangu nasonga bugali na kupika mboga ya sombe, na wazee wa Kentucky wanafuta sahani kwa vidole. Chumbani niko na Mkenya mmoja, Kipkoech, alikuja Amerika kusoma uhasibu, pombe ikamsomesha mengine. Ananicheka Kiswahili changu cha Bukavu, na mimi nacheka chake, nusu Kiingereza.

Mlango haufungwi. Sheria kubwa ni moja: usinywe, usionje. Wanatupima mkojo. Ukikutwa, unaondoka siku hiyohiyo na kitanda kinapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi. Simu walinirudishia kabla ya Noeli. Mimi ndiye sitaki kukupigia. Wewe unaweka spika, na nyuma yako nasikia wamama wa jumuiya wanakohoa.

Habari ya Alliance imenitoa machozi. Nitakuja, nitavaa suti, nitakaa mahali pa kaka. Lakini kasiksi siwezi. Sisemi sitaki, nasema siwezi. Mtu mwingine akionja, ameonja, anarudi kwake. Mimi nikionja sijui nitaamkia wapi, na wewe ndiye uliyekuwa unazunguka Buffalo nzima kunitafuta.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mwambie Papa Précieux kabla ya siku yenyewe, kwa mdomo wako, kwamba baba wa bibi harusi alikuwa mlevi na sasa anaishi nyumba ya kupona. Wewe ndiye mkubwa, ukisema wewe ni maelezo. Nikisema mimi mbele ya chungu, watu watasikia nimeikataa ndoa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hayo ulitufundisha wewe.

Ndugu yako,
Zéphyrin


Buffalo, Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Zéphy wangu,

Marahaba. Barua ilifika, nikaisoma mara mbili, Gaudiosi nikamsomea nusu. Anakushukuru kwa habari ya goti. Tumeanza kuangalia nyumba Cheektowaga, kwa kuwa kazi yake ya ghala iko huko na gari linakula mafuta. Mimi sitaki kuhama Black Rock, hapa najua kila mlango, lakini nani ananisikiliza?

Vitenge vya siku ya mahari vimepatikana. Tumechagua kijani na dhahabu, upande wa wakwe watavaa zambarau. Nitumie kipimo cha mabega yako. Umenenepa au umekonda? Alliance anasema umenenepa, nikamwambia asinidanganye. Amekuwa anaimba siku hizi akipiga simu, unamsikia anaosha vyombo na kuimba. Tangu baba yake afe sijamsikia hivyo.

Kuhusu lile neno la chungu, niachie mimi. Utagusisha midomo tu, nani atachungulia ndani ya mrija wako? Kasiksi ya wakwe siyo ya ulevi, ni ya heshima. Unataka mtoto aanze ndoa yake huku wanawake wananong'ona kwenye maduka ya Morse Road, yule wa kijani ndiye baba yake mlevi? Familia ya Papa Précieux ni watu wakubwa parokiani. Mimi nawajua watu wakubwa.

Fanya kazi, sali, na unitumie kipimo.

Dada yako,
Nsimire


Louisville, tarehe 28 Aprili 2024

Yaya,

Natumaini mko wazima wote. Kipimo cha mabega kiko kwenye karatasi ndogo humu ndani. Nimenenepa kidogo.

Kulikuwa na mzee hapa anaitwa Earl, ndiye aliyenionyesha namna ya kukaa katika nyumba hii: lipa kodi mapema, osha kikombe chako, sema ukweli kabla hujaulizwa. Mwezi huu alikwenda ubatizo wa mjukuu wake. Wakampa bilauri moja ya divai ya kumtakia mtoto heri. Hakurudi. Wiki iliyopita mimi na Kipkoech tulimkuta kituo cha basi, tukamwita kwa jina, hakutujua.

Barua yako imejibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza. Umemwambia Papa Précieux, au hujamwambia? Midomo yangu haijui kugusa na kuacha, yaya. Ingejua, nisingekuwa hapa. Kama huwezi kumwambia, nipe namba yake nimwambie mimi. Sioni aibu tena. Nilikuwa nayo, nikaimaliza kwenye ile sebule.

Ndugu yako,
Zéphyrin


Buffalo, Pentekoste, 19 Mei 2024

Zéphy,

Amani ya Bwana. Gisubizo amepata kipaimara, shati jeupe, nywele zimekatwa, mpaka nikalia. Gaudiosi amepata ile nyumba ya Cheektowaga, na mimi nimenuna, lakini bustani yake ni nzuri, mboga za lenga-lenga zitaota.

Usimpigie Papa Précieux. Nimeshaongea naye, na mambo yamekaa sawa kuliko ulivyofikiri. Nimemwambia una vidonda vya tumbo na daktari amekukataza pombe. Laiti ungemsikia! Alikuhurumia kweli, tena haraka. Akasema wao wenyewe wataweka chunguni maji ya ndizi matamu, yasiyochachushwa, na ninyi wawili mtakunywa hayo mbele ya watu, na mwenye kulalamika alalamike. Umeona? Heshima imebaki, tumbo limepona, na Alliance hana doa.

Najua utasema nimedanganya. Ndiyo, nimedanganya. Vidonda vya tumbo hata maaskofu wanavyo. Donc panda basi, shuka Columbus Ijumaa, Bonheur atakupokea. Na unyoe ndevu.

Dada yako,
Nsimire


Buffalo, tarehe 30 Juni 2024

Mdogo wangu Zéphyrin,

Tumefika salama nyumbani, ingawa Gaudiosi alikosea njia, tukauona mji wa Cleveland bila kutaka. Asante kwa kuja. Watu wote wamesema suti ilikukaa. Alipopiga magoti Alliance na ukamwekea mkono kichwani, ukumbi wote ulisimama, hata watoto. Mahari imepokelewa, wakwe wameridhika, harusi ya kanisani itakuwa mwezi wa kumi.

Ile juisi ya ndizi ilikuwa nzuri, kila mtu ameisifu.

Uliondoka bila kuaga. Alliance alikuwa amekufungia chakula cha njiani. Anakupigia simu, inaita tu. Ukipata barua hii jibu hata kwa mistari miwili.

Dada yako,
Nsimire


Buffalo, tarehe 11 Agosti 2024

Zéphy,

Sina habari za kukupa, tuko wazima. Nimepiga simu kwenye nyumba yenu, akapokea yule Mkenya. Nilimsalimia, akanijibu kwa adabu, kisha nikamuuliza uko wapi, akasema, "Mama, hilo ni la Zéphyrin kusema, akitaka." Nikamwambia mimi ni dada yako. Akasema anajua.

Uko wapi, mwana wa mama? Kama umenikasirikia, kasirika, lakini uandike.

Nsimire


Louisville, tarehe 15 Septemba 2024

Yaya Nsimire,

Shikamoo. Kipkoech alinihifadhia barua zako mbili, ameniletea jana. Msalimie Gaudiosi na Gisubizo. Niko hai.

Haikuwa juisi. Unajua haikuwa juisi. Dada yake Papa Précieux alikamua ndizi Jumatano, akaziweka gereji kwenye joto la mwezi wa sita, na kufika Jumamosi zilikuwa zimechacha zenyewe. Nilisikia harufu kabla sijakaa. Hata dada yake huyo alisikia, nilimsikia akisema, "Imechacha kidogo, lakini kidogo si neno kwa tumbo." Ni kweli, yaya. Kwa mtu mwenye vidonda si neno. Mimi simlaumu hata kidogo, alimhudumia mgonjwa aliyeambiwa.

Nilishika mrija. Nikavuta mara moja ili niwe na hakika, ikapita ulimini, nikawa na hakika. Mbele yangu Papa Précieux ameinamisha kichwa, mrija mdomoni, ananisubiri. Watu wote wananitazama. Alliance ananitazama. Nikakutafuta wewe. Ulikuwa umesimama karibu kabisa, na pua yako ni nzima. Nilikuomba kwa macho useme neno lolote. Sema hiki kimeharibika. Mwaga kwa bahati mbaya. Anguka, uzimie, wewe unajua kuzimia! Ukanitikisia kichwa: endelea.

Nikaendelea. Nikanywa mpaka chini, na wakwe wakapiga vigelegele.

Nilirudi Louisville na jioni yake nikasema sebuleni mwenyewe kabla hawajanipima. Walilia wawili. Sheria ni sheria, nikafunga begi. Kipkoech akanibebea mpaka kituo cha basi. Kitanda changu alipewa kijana mmoja siku iliyofuata, na nafurahi alikipata.

Majira ya joto yote sitakueleza. Mengine siyajui. Sasa niko tena hospitali, halafu jina langu litarudi kwenye orodha ya kusubiri, na sijui kama nyumba ile itanikubali au nyingine, au mji mwingine.

Kunywa nilikunywa mimi, mdomo ni wangu. Siwezi kukupa mzigo huo. Lakini ile kutikisa kichwa ni yako.

Harusini sitakuja. Mwambie Alliance nampenda, na kwamba siku ile mkono niliomwekea kichwani ulikuwa mzima, kabla ya chungu. Wakikuuliza niko wapi, sema unalotaka. Mimi nimechoka.

Zéphyrin


Buffalo, tarehe 3 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Naanza na salamu kwa sababu sijui kuanza vingine. Gaudiosi mzima. Gisubizo mzima, ameota ndevu mbili na anazihesabu kwenye kioo. Tumehamia Cheektowaga na sina jirani wa kumpelekea chumvi.

Harusi imekwisha. Alliance alipendeza sana, Zéphy. Aliingia kanisani peke yake. Gaudiosi alijitolea kumshika mkono, akakataa, akasema mahali pa baba mdogo hapakaliwi na mtu. Alitembea polepole na mkono wa kushoto ameuacha wazi.

Ukumbini wakaanza kuniuliza. Baba wa bibi harusi hayupo, vipi? Mama mmoja akasema labda ni vile vidonda vya tumbo, pole sana. Midomo ikanifunguka niseme ndiyo. Nakuapia, neno lilishafika ulimini. Nikamwangalia Alliance, na nikaona ananiangalia vilevile ulivyoniangalia wewe.

Nikamvuta Papa Précieux mpaka jikoni, kati ya masufuria ya wali, nikamwambia yote. Nikamwambia: ndugu yangu hana vidonda vya tumbo, hajawahi kuwa navyo. Alikuwa mlevi, akaacha, alikuwa na nyumba na kitanda na rafiki, akaniomba niwaambie tangu mwezi wa pili, nikaona aibu. Kile chungu chenu ndicho kilichomtoa kwenye nyumba ile, na mimi nilisikia harufu, nikamtikisia kichwa anywe. Nilikuwa nalia mpaka kitenge kimelowa.

Nilidhani atakasirika. Papa Précieux alitafuta kiti, akakaa, akashika magoti yake. Yule mzee mkubwa, mwenye sauti! Akasema, "Mama, mimi sijanywa tangu tuingie Amerika. Kule kambini nilimpiga mke wangu nikiwa nimelewa, nikamvunja mkono. Nyumbani kwangu wanajua wanne tu. Ulipokuja na habari ya vidonda vya tumbo nilimshukuru Mungu chumbani, nikasema sasa nimepata sababu ya kuweka juisi, nitapona na mimi. Siku ile nilipokaa nikasikia imechacha. Niliweka mrija mdomoni nikaziba tundu kwa ulimi. Sikuvuta hata tone. Nilikuwa namwangalia mwenzangu anavyokunywa, nikawa namwonea wivu, nikasema moyoni, huyu ana bahati, ugonjwa wake ni wa tumbo tu."

Ukanywa chungu kizima peke yako, mwana wa mama, mbele ya mtu mmoja katika ukumbi ule ambaye angekishika pamoja na wewe akakimwaga.

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mjukuu unambeba. Haya sijui niyabebe wapi. Nimekwenda jumuiya nikawaambia wamama kwamba hukuwahi kupakia mizigo ya ndege. Wengine wamenikumbatia, wawili hawanisalimii. Nimeona siyo kitu. Ningeweza kuona hivyo mwezi wa pili.

Papa Précieux anataka kuja Louisville, aketi na wewe sebuleni popote utakapokuwa, wanaume wawili, na chai. Sijampa anwani kwa sababu sina. Barua hii naituma kwa Kipkoech, akuletee au aitunze. Usinijibu kama hutaki. Mjibu yeye.

Tulipotoka jikoni alinishika bega, akaniuliza kitu ambacho tangu siku ile nafua nacho, napika nacho, nalala nacho. Akasema, "Mimi nilikuwa namwogopa yeye, na yeye alikuwa ananiogopa mimi. Wewe, Mama Nsimire, ulikuwa unamwogopa nani?"

Nimetafuta jina la huyo mtu, Zéphy, na sijampata.

Dada yako,
Nsimire